Kabla hujanunua betri mpya ya Aqua

Mombasa, Jumapili jioni

Shoga yangu wa dhati,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Nimefurahi umerudi salama kutoka Muscat na dada yako anapata nafuu. Lakini roho imeniuma niliposoma kwamba gari lako, ile Toyota Aqua ya haibridi (ya petroli na umeme), limekaa miezi mitano bila kuguswa, haliwaki, na fundi ameshasema betri kubwa, ile ya kuendeshea gari, imekufa, ununue mpya. Tafadhali, usitoe hata shilingi kwanza. Yaliyokufika yalinifika mimi mwaka juzi, na Aqua kama hiyo yako.

Anza na betri ndogo, ile ya volti 12. Gari likikaa sana, mara nyingi hiyo ndiyo hutangulia kuisha. Ikiisha, kompyuta za gari haziamki, neno READY halitokei kwenye dashibodi, na lawama zote huangukia ile kubwa. Mpe mwanao mita ya volti apime. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe usiku kucha kwa chaja ya betri za magari. READY ikitokea, liweke gari nje penye hewa, gia iwe P, zima eisi, na injini itajiwasha yenyewe iijaze betri kubwa. Usiliweke N kabisa: kwenye N betri kubwa haichajiwi hata injini ingurume mchana kutwa. Hakikisha pia tangi lina petroli, kisha litembeze nusu saa hivi. Na ukisafiri tena, mwachie mtu ufunguo aliendeshe kila baada ya miezi miwili.

Betri ndogo ikiwa nzima na bado gari limegoma, hapo ndipo tuitazame kubwa. Injini ya Aqua huwashwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo kuunganisha nyaya kutoka gari la jirani hakutasaidia. Umeme huo unaishia kwenye betri ndogo. Kubwa yenyewe ni vipande 20 vilivyofungwa pamoja, kila kimoja volti 7.2, jumla 144. Ukiijaza yote kutoka sifuri, hesabu yake haifiki hata yuniti moja; pamoja na umeme unaopotea njiani, sema yuniti moja na kidogo ya LUKU. Ndiyo maana naumia mtu akiambiwa anunue mpya kabla haijajaribiwa kuchajiwa.

Mimi alinisaidia mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye ni fundi wa umeme. Aliitoa betri, akaifungua, akapima kipande kimoja kimoja. Kumi na minane vilisoma kama 7.7, viwili vilisoma 6.6. Akanieleza kwamba ndani ya kila kipande mna seli sita za volti 1.2, na kikipungukiwa kiasi hicho ujue seli moja imekufa. Halafu akanionyesha vile vibati vya shaba vinavyounganisha vipande: vimeota kutu ya kijani, hewa yetu ya bahari hii. Huko Tanga mambo ni yale yale, basi navyo vikaguliwe. Alivisugua vikang'aa. Tukatafuta vipande viwili vilivyotumika vyenye nguvu sawa na vile vingine.

Kuchaji kulichukua siku nyingi. Alitumia chaja ndogo mbili, za aina wanayotumia watu wa ndege na magari ya rimoti, akaziweka kwenye NiMH, ndiyo aina ya betri hiyo, seli sita. Kila kipande kilijazwa, kikamalizwa umeme kwa kuwasha taa ya gari, kikajazwa tena, mara tatu. Vilibanwa katikati ya mbao mbili muda wote, kwa sababu vikichajiwa huvimba. Mwisho aliviunganisha vyote sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, vilingane, ndipo akavirudisha. Kazi ya subira, lakini gari linatembea mpaka leo.

Sasa nisikilize vizuri kwa hili. Volti 144 za betri zinaua. Asiyejua umeme asifungue kifuniko, hata mwanao na werevu wake wote. Anayejua avae glavu za umeme, azime gari, afungue waya wa betri ndogo, achomoe plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa, asubiri dakika kumi, kisha apime kwa mita kabla mkono haujagusa nyaya za rangi ya chungwa. Na akija mtu kukwambia anaweza kuchaji betri nzima kwa kuunganisha balbu na dayodi moja kwa moja kutoka soketi ya ukutani, mfukuze. Umeme huo hupanda kupita volti 300, na hakuna kinachokutenga na laini ya TANESCO. Unafuu wa namna hiyo siutaki karibu na nyumba yako.

Jambo dogo la mwisho: karibu na kiti cha nyuma pana tundu la feni inayopoza betri. Langu lilikuwa limejaa vumbi na nywele za paka. Lisafishe hata kama gari litawaka leo leo.

Mwambie mwanao apime betri ndogo kesho asubuhi kabla ya kujaribu kuwasha gari, kisha unipigie uniambie mita imesoma ngapi. Ikibidi kuifungua ile kubwa, nitamwomba yule kijana wetu fundi apande basi aje mwenyewe na chaja zake.

Shoga yako,
wa Mombasa