Walimu tufundishwe kujijengea mazingira yetu ya kujifunzia mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili tangu walimu wa shule za umma walipoanza kugawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Vifaa sasa tunavyo, na hata mwalimu ambaye hakupata kishikwambi mara nyingi ana simu janja. Masomo ya bure nayo yamejaa mtandaoni. Tunachokosa ni ujuzi wa kuviunganisha vitu hivyo hadi vikawa mahali pamoja ambapo mtu anajifunza mwaka hadi mwaka, kwa mpango wake mwenyewe, hata kundi sogozi likivunjika au bando likiisha.

Wataalamu wa elimu huyaita hayo mazingira binafsi ya kujifunzia. Wazo hilo lilianza kujadiliwa sana katikati ya miaka ya 2000, hasa Uingereza na Kanada, wakati ambapo vyuo vikuu vilikuwa vimeshahamishia masomo yao kwenye mifumo ya kompyuta inayomilikiwa na chuo. Mwanafunzi alisoma humo, akaandika humo na kujadiliana na wenzake humo, lakini alipohitimu akaunti yake ilifungwa na yote aliyoyaandika yakabaki chuoni. Ndipo baadhi ya walimu wakahoji kwa nini mwanafunzi asiwe na vyombo vyake mwenyewe, chuo kikabaki kuwa chanzo kimoja tu kati ya vingi. Mwaka 2008 Stephen Downes na George Siemens waliendesha kozi katika Chuo Kikuu cha Manitoba, nchini Kanada, ambayo wanafunzi wapatao 25 waliilipia na watu wengine zaidi ya 2,000 wakaifuata bure kutoka pembe mbalimbali za dunia. Washiriki waliandika katika kurasa zao wenyewe, na waendeshaji wakawa wanayakusanya maandishi hayo na kuwatumia wote viungo. Kozi ilipokwisha, aliyeandika alibaki na kazi yake mkononi.

Kwa Watanzania wenye umri mkubwa wazo hili si geni kabisa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili, na haikutegemea redio peke yake. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu kilichoandaliwa kwa ajili ya kipindi hicho, wakajadiliana chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Chanzo cha maarifa, maandishi ya kurejea, wenzako wa kujadiliana nao na kazi ya kufanya kwa mikono vilikwenda pamoja. Leo tuna vyanzo maelfu kwa maelfu, lakini hayo mengine matatu tumeyaacha yajiendee yenyewe.

Tazama jinsi walimu wengi tunavyojifunza sasa. Mtu anarusha faili la PDF kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa somo fulani, wengine wanashukuru, faili linapakuliwa na kukaa kwenye simu kwa jina la tarakimu ambalo halimwambii mtu chochote. Baada ya wiki mbili limefunikwa na mamia ya salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Anayelihitaji anauliza upya, na mwenye moyo wa kusaidia analirusha tena. Mwalimu mwenzangu wa shule jirani alikuwa amekusanya kwa njia hiyo notisi na mitihani ya miaka mitatu. Simu yake ilipoingia maji fundi alishindwa kuiwasha, na kwa kuwa hakuwa ameweka nakala mahali pengine popote, alianza muhula uliofuata mikono mitupu. Hakuwa mzembe hata kidogo. Hakuna mtu, chuoni wala kazini, aliyewahi kumweleza kwamba kutunza anachojifunza ni sehemu ya kujifunza kwenyewe.

Naomba nieleze kwa mfano mmoja jinsi mazingira hayo yanavyofanya kazi, maana maneno ya jumla katika jambo hili hayasaidii. Nafundisha Baiolojia, na katika mada ya urithi hakuna mfano unaowagusa wanafunzi wetu kama ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, kwa kuwa nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Kitabu cha kiada kinanipa msingi, na vitabu hivyo sasa vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kutoka hapo nakwenda Wikipedia, ambayo naisoma bila intaneti kupitia programu iitwayo Kiwix: unapakua faili mara moja, unaliweka kwenye memori kadi, na tangu hapo unafungua makala yoyote hata kijijini kusiko na mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inaingia yote katika memori kadi ya kawaida na nafasi ikabaki.

Lakini Wikipedia kwangu ni mlango tu. Chini ya makala kuna marejeo, na nilipoyafuata nilifika kwenye utafiti wa Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba watu waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Alikuwa ameona kwamba katika Afrika Mashariki watu wenye jeni hiyo ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi, na ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Makala yake hiyo inasomwa bure katika PubMed Central, hazina iliyofunguliwa mwaka 2000 na inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Nakiri kwamba nilisisimka. Utafiti uliofanyika kwetu, kwa damu ya watu wa kwetu, uko wazi kwa kila mwenye simu, na bado tunafundisha mada hii kwa mifano ya rangi za maua ya njegere peke yake.

Makala ile niliihifadhi kwa Zotero, programu ya bure ya kompyuta inayotunza maandiko pamoja na jina la mwandishi, mwaka na mahali yalipochapishwa, ili nikiulizwa na mwanafunzi au mkaguzi nimetoa wapi jambo fulani niweze kumwonyesha. Kisha nikaandika muhtasari wangu kwa Kiswahili, kwa maneno yangu, katika faili la maandishi ya kawaida lenye jina linaloeleweka: mwaka, kidato, mada. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami nasema bila kusita kwamba ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mtu anaweza kupakua vitabu mia na asijue zaidi ya alivyojua jana. Ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe, ukiwa umefunika chanzo, unakuonyesha papo hapo ni wapi ulielewa na ni wapi ulidhani umeelewa.

Kutoka kwenye muhtasari huo natengeneza kadi za maswali katika Anki, programu iliyotolewa mwaka 2006, ambayo toleo lake la simu za Android halilipiwi. Upande mmoja wa kadi unauliza: wazazi wote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya selimundu, je, kuna uwezekano gani kwa kila ujauzito kupata mtoto mwenye SS, yaani aliyerithi jeni hiyo kwa wote wawili na hivyo ana ugonjwa? Upande wa pili unajibu: robo, yaani asilimia 25, na uwezekano huo haubadiliki hata kama mtoto aliyetangulia ana ugonjwa. Programu inakurudishia kadi unayoikosea mapema, na ile unayoijua inaichelewesha kwa siku, kisha wiki, kisha miezi. Msingi wake ni jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima na kulichapisha mwaka 1885: tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kurudia kwa vipindi ndiko kunakoshikisha jambo kichwani. Jibu hilo la robo wanafunzi wangu walilishika vizuri zaidi baada ya kutengeneza kadi zao wenyewe kwa vipande vya boksi, kwani wao hawaruhusiwi simu shuleni.

Hatua ya mwisho ni kuwapa wenzangu. Muhtasari ule naupeleka kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule yetu, chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo wengi tunayaita MEWAKA, na hapo unakosolewa. Mwenzangu wa Jiografia ndiye aliyenionyesha kwamba ramani ya malaria niliyoitumia ilikuwa ya zamani mno. WhatsApp basi ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni ya mazungumzo. Tusiigeuze kuwa kabati la kutunzia mali.

Nasisitiza suala la umiliki kwa sababu vyombo vya mtandaoni hufa. Google Reader, ambayo watu wengi duniani waliitegemea kufuatilia tovuti wanazozisoma, ilifungwa Julai 2013. Pocket, iliyokuwa ikitunza makala za kusoma baadaye, ilifungwa na Mozilla Julai 2025. Waliokuwa wamehamisha nakala zao mapema waliendelea na kazi, na wengine wakapoteza hazina ya miaka. Kwa hiyo kabla ya kuikabidhi programu yoyote maarifa yako, jiulize kama inakuruhusu kuyatoa na kuondoka nayo, na kama faili zake zitafunguka kwenye programu nyingine. Programu isiyoruhusu hivyo, hata ikiwa nzuri namna gani, mimi naitumia kusoma tu, sitailaza humo kazi yangu.

Kuhusu akili unde, ambayo tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022 imeingia hadi kwenye maandalio ya masomo, sina mengi ya kusema hapa. Inasaidia kueleza jambo gumu kwa njia nyingine na kutunga maswali ya mazoezi. Ila inaweza kutaja makala zisizokuwapo kwa uhakika uleule inaotaja zilizopo, na mwalimu asiye na vyanzo vyake vya kulinganisha hana namna ya kuligundua hilo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye muda na fedha, na kwamba mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki na madarasa yaliyojaa hana nafasi ya kutengeneza kadi. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu naishi maisha hayohayo. Lakini programu zote nilizozitaja hazilipiwi, nyingi zinafanya kazi bila bando baada ya kupakuliwa, na muda unaotumika kutafuta upya faili lililopotea kila muhula ni mwingi kuliko wa kulipanga mara moja. Kinachogharimu kweli ni mwanzo: kujua uanzie wapi, na kuwa na mtu wa kukuelekeza unapokwama. Gharama hiyo haifai kubebwa na mwalimu mmoja mmoja gizani.

Ndiyo maana naandika kwako, Ndugu Mhariri, ili sauti hii iwafikie wanaopanga. Vyuo vya ualimu vitenge vipindi vya kumfundisha mwanachuo kutafuta chanzo, kukihakiki, kukihifadhi na kuandika muhtasari, kwa vitendo na kwa somo atakalokwenda kufundisha, ili ahitimu akiwa na maktaba yake aliyoanza kuijenga. Jumuiya za ujifunzaji mashuleni zitenge sehemu ya vikao vyao kwa kazi hiyohiyo, wenye uzoefu wakiwashika mkono wenzao. Taasisi zinazotoa maudhui ya elimu kwa fedha za umma ziyatoe kwa namna inayopakulika na kunakilika, chini ya leseni huria, kwa kuwa maudhui yanayosomeka ndani ya programu moja tu na kwa intaneti tu yanamwacha nje mwalimu wa pembezoni, ambaye ndiye anayeyahitaji zaidi.

Ombi langu jingine nalielekeza kwa maktaba za mikoa, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kuna programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality mahsusi kwa mahali pasipo na intaneti, ambayo inaweza kubeba masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa simu na vishikwambi vilivyo karibu bila kutumia bando. Kompyuta moja ya aina hiyo, yenye Kolibri na faili za Kiwix, ikiwekwa katika kila maktaba ya mkoa pamoja na mkutubi aliyefunzwa kuitumia, mwalimu anayekuja mjini kufuatilia mshahara au kusahihisha mitihani ataweza kupita na memori kadi yake na kurudi kituoni na masomo ya muhula mzima. Kazi hiyo inaweza kuanza hata na mkoa mmoja wa majaribio, na mimi pamoja na walimu wenzangu kadhaa tuko tayari kujitolea siku za Jumamosi kuwaelekeza watakaokuja.

Mwalimu wa Baiolojia,
Songea