Hii sio ya kamati

Bwana Yesu asifiwe dada yangu,

Meseji yako niliiona tangu Jumapili, sio kwamba nimekususa, nilikuwa natafuta namna ya kukujibu. Umeuliza kitu kidogo tu, mnahitaji nini huko ili niiambie kamati ya misheni, na mi nimekaa na simu mkononi kama mtu aliyeulizwa anaumwa wapi na mwili wote unauma. Nimeanza mara tatu nikafuta. Ya kwanza ilitoka kama zile barua za maombi tunazowatumia nyie mnaotuchangia tangu tuje huku misheni, tunamshukuru Mungu huduma inasonga mbele, milango inafunguka, tuombeeni. Ya pili ilikuwa orodha ya vitu, nikaisoma nikaona aibu. Ya tatu nililia kidogo nikaiacha. Basi hii ni ya nne na nimeamua nakuandikia wewe, sio kamati, tumetoka mbali mi na wewe.

Unaikumbuka ile picha niliyotuma mwezi juzi, wanawake sita wamekaa na Biblia, ile mliyoionyesha kanisani watu wakashangilia? Ni ya kweli, sikudanganya. Ila wawili kati ya wale sita waliingia kukimbia mvua, na mvua ilipokatika waliaga vizuri wakaondoka na sijawaona tena. Na wiki ile nzima hicho ndo kitu pekee kilichofaa kupigwa picha. Jumatatu baba watoto alishinda ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya kibali, akaambiwa picha zake zina rangi mbaya nyuma, akaenda kupiga nyingine, karudi akaambiwa anayegonga muhuri ametoka njoo kesho, kesho yake akaambiwa kuna fomu imebadilika tuanze upya. Mtoto mdogo akapata homa. Umeme ukakatika siku mbili. Mimi nilikuwa na masomo ya lugha asubuhi na jioni kufundisha watoto hesabu. Sasa hayo nayaandikaje kwenye barua ya maombi dada? Nitaandika "tumefanya huduma ya foleni"?

Na hapo ndo penyewe ninapotaka kukuambia, maana sijawahi kumwambia mtu. Hizi barua zetu zina hofu ndani yake. Anayekutumia mchango kila mwezi ndiye huyohuyo anayesoma hali yako, kwahiyo kila ukishika kalamu unajiuliza, nikisema nimechoka ataona hela yake inapotea? Nikisema mi na mume wangu tumenuniana wiki mbili watasema hawa warudi nyumbani? Labda hakuna ambaye angesema hivyo, labda wangetuhurumia kabisa, lakini we huwezi kujua na kodi ya nyumba haingoji ujue. Basi unatafuta picha yenye watu wengi. Wenzetu wengi tunaokutana nao huku, wa makanisa na mataifa tofauti, wote wanakiri hivyohivyo tukishakaa wenyewe, tunacheka halafu tunanyamaza.

Nimekuwa namfikiria sana mke wa William Carey, yule mmisionari Mwingereza aliyekwenda India. Carey tunamjua wote, kila semina ya misheni lazima atajwe, ila mke wake Dorothy anatajwa kwa kupita tu. Yule mama alikataa kwenda, alikuwa mjamzito, akaja kukubali dakika za mwisho kwa sharti moja kwamba mdogo wake wa kike aende naye. Wakaondoka 1793. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter akafariki na akili ya Dorothy ikavunjika, hakupona mpaka alipokufa 1807. Na mumewe aliendelea kutafsiri Biblia huku mke anaugua nyumba ileile. Sisemi Carey alikuwa mbaya. Nasema tu lile sharti la Dorothy silisahau, yule mama hakuomba nyumba nzuri wala mshahara, aliomba mtu. Na hata hapo kwetu, yule mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa 1844, mwaka huohuo alimzika mke wake Rosine na katoto kachanga. Tunasema "Krapf alitafsiri Biblia" tunasonga mbele.

Sisi afadhali sana, nakiri. Barua zao zilikwenda na meli miezi na miezi, mi nakuandikia leo na leo unasoma. Ila kuna kitu cha ajabu kwenye hii simu, inakufanya uonekane uko karibu na haupo. Msiba wa baba niliufuata kwa simu, unakumbuka, uliyeishika ile simu ulikuwa wewe. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, huku kwetu ni usiku tayari, naona miguu ya watu na mchanga, sauti inakatika, wakati wa kushusha jeneza picha ikaganda. Ikaganda pale pale. Iliporudi watu walikuwa wanaweka maua. Asubuhi yake nilikuwa na somo la lugha na nikaenda, sikujua cha kufanya kingine.

Lugha nayo, acha tu. Mwaka wa pili huu na bado naongea kama mtoto wa chekechea. Jirani yetu alifiwa na mume, nikajikaza nikaenda, nimefanya mazoezi njia nzima. Sasa neno la kutoa pole na neno la kutoa hongera huku yanakaribiana sana, tofauti ni sauti ya mwisho tu inapanda au inashuka. Nikampa mjane hongera, mbele ya ndugu wa marehemu. Kukawa kimya. Yule mama akanishika mkono akalirudia lile neno taratibu mpaka nikalipatia, na wale ndugu wakaitikia kama nilipatia toka mwanzo. Mtu mzima, nimesimamia kwaya ya watu arobaini, nafundishwa kutoa pole na mfiwa mwenyewe. Sijui kama huo ni ushuhuda au aibu, kwenye barua ya maombi sikuuweka.

Haya tuje kwenye hela maana najua kamati itauliza. Unakumbuka shirika lililotutuma lilikataa tukate tiketi mpaka ahadi za kila mwezi zifikie bajeti yote, na siku tuliyowekewa mikono watu walijaza zile fomu kwa machozi kabisa. Na walimaanisha. Lakini mtu anabadilisha kazi, anaugua, anapata mtoto wa kusomesha, mwingine anasahau tu, na hakuna anayekuambia. We unaona tu kwenye taarifa ya mwezi jina halipo. Mwezi unaofuata halipo tena. Unaanza kujiuliza nimemkosea nini, barua ya mwisho niliandika nini. Kwahiyo dada kama kuna kitu kimoja cha kuiambia kamati ni hiki, mtu akishindwa kuendelea atuambie, hata mstari mmoja, "nimekwama mpendwa," tutamshukuru na tutaendelea kumwombea, kinachotumaliza ni kukisia. Halafu kidogo cha kila mwezi ni bora mara kumi kuliko kikubwa cha ghafla, maana kodi, bima ya afya, ada na kibali vinakuja kwa tarehe. Na hela ikishuka thamani huko, mliyotuma ni ileile lakini ikibadilishwa huku inakuwa pungufu, hakuna aliyepunguza ila imepungua. Kueleza hilo bila kuonekana unaomba nyongeza ni kazi kwelikweli.

Nani kasema mtumishi haombi vitu lakini? Nilisoma tena 2 Timotheo 4 juzi nikacheka peke yangu. Paulo yuko gerezani, anaandika mambo mazito kabisa ya kumaliza mwendo, na palepale anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, na anamwambia Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Alikuwa anasikia baridi, basi. Akataja kitu gani, kiko wapi, nani aje nacho na lini. Na ukiangalia Wafilipi, wale hawakutuma mchango tu, walimtuma Epafrodito mtu mzima na miguu yake, akaugua huko nusura afe.

Ile paseli mliyotuma ilifika, nadhani sijawahi kukuambia vizuri. Ilichukua miezi mitano, ushuru tuliolipa kuitoa ulizidi vilivyokuwemo, usiwaambie waliochanga jamani. Viatu vya mkubwa vilikuwa vimeshakuwa vidogo. Vitabu vya watoto ni vizuri ila watoto wa huku hawasomi lugha yetu. Lakini chini kabisa kulikuwa na karatasi imechanwa kwenye daftari, mtoto wa shule ya Jumapili kaandika kwa penseli "tuliwataja Jumapili na mwalimu alisahau jina la mtoto wenu wa pili mimi nikamkumbusha." Hiyo karatasi iko ukutani mpaka leo, nimeibandika juu ya meza ya kusomea, na mtoto wetu wa pili kila mgeni akija anamwonyesha.

Watoto ndo wananipa mawazo zaidi. Mkubwa sasa anaota kwa lugha ya huku, nimemsikia. Juzi aliulizwa kwenu ni wapi akanitazama mimi, kama vile mimi ndo nina jibu. Wataalamu wanalo jina la watoto wa namna hii, wa utamaduni wa tatu, sio wa kule walikotoka wazazi sio wa huku wanakokua, yuko mama mmoja Mmarekani, Ruth Useem, aliyeanza kulitumia miaka ya 1950. Sawa, wana jina. Ila likizo ijayo tutakapokuja, ukisikia anakosea maneno kanisani msimcheke, na msimwambie aongee hiyo lugha ya huku watu wasikie, sio kasuku.

Na hiyo likizo tafadhali. Mara ya mwisho ratiba ilikuwa kila Jumapili kanisa jipya, kila wiki kitanda cha watu, watoto wamevalishwa wanatabasamu tangu asubuhi, mi nasimulia picha kama hiyo ya wanawake sita. Tulirudi huku kupumzika! Nikipata kusema, nasema hivi, tupeni wiki tatu za mwanzo tusihubiri popote, tukae kwenye nyumba yenye mlango unaofungika, na Jumapili moja niketi benchi la nyuma niimbe nyimbo ninazozielewa bila mtu kuniita mbele.

Kingine kifupi, kuna wenzetu mnawaombea walio nchi ambazo kuhubiri ni kosa. Msiweke picha zao wala majina yao mtandaoni, wala msiwaandikie meseji zenye neno mmisionari ndani. Mna nia njema najua, lakini wenyeji wanaokutana nao ndo watakaoumia kwanza, wageni watarudishwa kwa ndege tu.

Sasa cha kwangu mimi. Nenda kamwone mama. Tangu baba aondoke nikipiga ananiambia yuko salama, anasema haraka haraka halafu anauliza watoto wamekula, ananificha kitu namjua, nimerithi kwake. Usimpelekee chochote, ukimpelekea ataanza kuhangaika akupe nini. Kaa naye tu mchana mmoja, angalia anavyotembea, angalia kama dawa za presha anakunywa au zimejaa kwenye kopo, halafu uniambie ukweli hata kama ni mbaya. Hakuna kitu kitakachonisaidia kukaa huku zaidi ya hicho.

Na nipigie. Alhamisi jioni kwa saa za huko ni nzuri, watoto wanakuwa wamelala. Usiulize huduma inaendaje. Niambie nani kaolewa, nani wamegombana kwaya, yule mwenyekiti bado anasinzia kwenye mahubiri? Na nikikaa kimya kwenye simu usidhani mtandao umekata.

Ile ya kamati nitaandika kesho, itakuwa fupi. Picha nitatafuta.

Ni mimi dada yako