Mafua ya mtoto hayahitaji sindano

Ndugu Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea dawa hadi zisiviue tena, imenikera. Lawama zote mmemtupia mwananchi anayenunua antibayotiki dukani bila cheti. Ni kweli, watu wananunua. Lakini nani aliwazoesha kuamini kwamba kila homa lazima ipewe antibayotiki? Walizoeshwa na sisi wa zahanati. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimesoma habari za namna hii miaka mingi nikanyamaza. Leo nasema.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka mitatu kwenye zahanati moja ya binafsi. Kamasi nyepesi, kikohozi, joto kidogo. Anakula, anacheza. Kipimo cha malaria kikaonyesha hana. Nikajua tutaambiwa tumpe parasetamo na vinywaji vya kutosha, turudi akizidiwa. Badala yake akaandikiwa antibayotiki mbili, sindano za seftriaksoni siku tano na azithromaisini ya maji ya kumalizia, juu yake dawa ya kikohozi na ya mzio. Nikamuuliza tabibu, mtoto anaumwa nini? "Kifua, mama." Kifua chenyewe hakukigusa! Kifaa cha kusikilizia kilining'inia shingoni mwake tangu tulipoingia hadi tulipotoka. Hakumfunua mtoto shati ahesabu pumzi, wakati kwa umri ule pumzi 40 au zaidi kwa dakika ndiyo dalili ya kwanza ya kushuku nimonia. Na hata ingekuwa nimonia ya kutibiwa nyumbani, dawa ya kuanzia ni amoksilini, ile ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, tena ya bei nafuu. Seftriaksoni na azithromaisini zote mbili Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, katika mgawanyo wa makundi matatu uliotolewa 2017, kwa sababu vijidudu ni wepesi kuzizoea. Mafua yanaletwa na virusi, na hakuna antibayotiki inayoua virusi. Serikali imetoa Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021, unaoeleza tiba kuanzia ngazi ya zahanati. Nilipomuuliza tabibu yule kama anao, akaita mgonjwa mwingine.

Halafu hivi vibahasha vya dawa. Vidonge vinamiminwa kwenye kimfuko cha nailoni, juu yake inaandikwa 1x3 kwa kalamu, basi. Jina la dawa hakuna, tarehe ya kuisha hakuna. Mgonjwa akivimba mdomo usiku na kukimbizwa hospitali, daktari wa zamu aambiwe alimeza nini? Vyeupe?

Naiomba Wizara ya Afya hivi. Kila cheti chenye antibayotiki kiandikwe jina la ugonjwa na namba ya ukurasa wa Mwongozo uliotumika. Kisipokuwa navyo, duka lisitoe dawa na bima isilipe. Na kurasa za mafua, kikohozi na kuhara, pamoja na ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) na zinki ya siku 10 hadi 14, zitafsiriwe kwa Kiswahili, zichapwe kwa herufi kubwa na kubandikwa pale wagonjwa wanaposubiri, usawa wa macho ya mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mapajani.

Muuguzi mstaafu,
Kihonda, Morogoro