Tabaka India halijafa, limeshuka kwenye chemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa makala mliyochapa hivi karibuni kuhusu maendeleo ya India. Aliyoyasema juu ya treni za mijini, viwanda vya dawa na kampuni za kompyuta sina ugomvi nayo. Wagonjwa wetu wanaopelekwa Chennai na Hyderabad ni mashahidi. Lakini aliposema kwamba matabaka ya kuzaliwa siku hizi ni mambo ya vijijini na ya wazee, na kwamba sheria ilishayamaliza, hapo tuliachana njia.

Sheria ipo, tena ya zamani. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilipiga marufuku, katika kifungu cha 17, kumtenga mtu kwa kumhesabu najisi. Kamati iliyoiandaa iliongozwa na Bhimrao Ambedkar, mtoto wa jamii ya Mahar, mojawapo ya zilizohesabiwa najisi, ambaye shuleni hakuruhusiwa hata kugusa chombo cha maji ya kunywa. Alisoma hadi New York na London, akawa waziri wa sheria. Na bado, Oktoba 1956, chini ya miezi miwili kabla ya kifo chake, aliuacha Uhindu na kuingia dini ya Buddha mjini Nagpur, pamoja na umati mkubwa wa Wadalit wenzake, yaani watu wa matabaka hayo yaliyotengwa. Kama mwenye kuiandaa sheria hakuona kwamba inatosha, sijui mwandishi wenu ameona nini.

Nitamwomba aangalie kazi moja tu: ya kuzibua mifereji ya majitaka katika miji hiyohiyo aliyoisifu. Chemba ikiziba, mkandarasi humtafuta kibarua, humfunga kamba kiunoni, naye hushuka na ndoo na fimbo, mara nyingi bila mtungi wa hewa wala kinga yoyote ya maana. Chini kuna hewa ya sumu. Wa kwanza akizimia, mwenzake humfuata kumwokoa, na wote wawili hutolewa maiti. Habari hizi huandikwa Delhi, Mumbai, Chennai, mwaka baada ya mwaka. Sheria ya 1993 ilikataza vyoo ambavyo kinyesi chake huzolewa kwa mkono. Ya 2013 ikakataza kumshusha mtu kwenye chemba au karo bila vifaa vya kujikinga, na adhabu yake ni hadi miaka 2 jela hata kwa kosa la kwanza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilipandisha fidia ya kila anayefia humo kutoka rupia milioni 1 hadi milioni 3. Sasa sikilizeni ujanja wa serikali: mwaka 2021 bunge liliambiwa kwamba hakuna aliyekufa kwa kazi ya kuzoa kinyesi kwa mkono, kwa kuwa wanaofia kwenye chemba wanawekwa fungu jingine, la “usafi wa hatari”.

Mtu atasema kazi chafu hufanywa na maskini kila mahali. Ni kweli, hata Dar es Salaam tunao wanaotapisha vyoo kwa mikono, na tukawapachika jina la vyura. Tofauti ni kwamba mtoto wa chura akipata mtaji wa kufungua genge, hakuna atakayekataa nyanya zake kwa sababu ya ukoo. Kule kaskazini mwa India, mtu wa jamii ya Valmiki, Wadalit ambao tangu jadi husukumiwa kazi za usafi, akijulikana tu jina lake la ukoo, watu wameshamkabidhi ufagio, hata kama ana shahada.

Tena serikali yenyewe ilikuwa ikimkabidhi. Oktoba 2024, baada ya mwandishi wa habari Sukanya Shantha kufichua jambo hilo na kulipeleka mahakamani, Mahakama ya Juu ilifuta kanuni za magereza zilizogawa kazi kwa tabaka: hawa jikoni, wale kwenye vyoo. Yaani miaka 74 baada ya Katiba, mfungwa alikuwa akiulizwa tabaka lake ndipo apangiwe kazi.

Ndoa nitaipitia haraka. Katika utafiti mkubwa wa kaya wa 2011 na 2012, ndoa za watu wa matabaka tofauti zilikuwa takriban 5 tu katika kila 100. Ukitaka kujua kama tabaka limekufa, tangaza posa.

Makala pia ililalamikia nafasi zinazotengwa katika vyuo na ajira za serikali: asilimia 15 kwa Wadalit, 7.5 kwa makabila ya asili, 27 kwa matabaka mengine yaliyoachwa nyuma. Mwandishi anasema zinawaonea wenye akili. Hoja hii haikuanza leo. Serikali ya waziri mkuu V. P. Singh ilipotangaza hiyo asilimia 27 mwaka 1990, wanafunzi wa matabaka ya juu waliingia barabarani, na baadhi yao walifagia mitaa na kung'arisha viatu vya wapita njia, kuonyesha watakavyodhalilika. Mimi kwa kweli sijawahi kusoma maandamano yenye ushahidi mbaya kiasi hicho dhidi ya waandamanaji wenyewe. Ile ilikuwa kazi ya kila siku ya watu wengine, na kwa waandamanaji hao kuifanya ndilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote.

Kasoro ya kweli ya nafasi hizo iko kwingine. Haziwahusu waajiri binafsi. Halmashauri za miji zinapokabidhi usafi kwa wakandarasi, mfagiaji aliyekuwa na mshahara na pensheni ya serikali anageuka kibarua asiye kwenye daftari la mtu, na Mdalit Mwislamu au Mkristo hata hiyo asilimia 15 haimgusi, kwa amri ya 1950 inayowaacha nje watu wa dini hizo, na inayoendelea kutumika.

Sensa ya India ya 2027 imepangwa kuhesabu matabaka yote, jambo ambalo halijafanyika na matokeo yake kutangazwa tangu sensa ya 1931. Ningependa gazeti lenu liifuatilie, hasa litakapofika suala la ajira za wakandarasi.

Msomaji wenu,
Tanga