Barua ya wazi kwa Mkuu wa Majeshi (CDF): Afande, hizi risachi za maofisa nani anazisoma?

Shikamoo afande. Mi raia tu, nina steshenari, kazi yangu kuchapa, kuprinti na kubaindi madezetesheni ya watu, kwahiyo hili ninaloleta kwako nimelionea hapa hapa kwenye mashine yangu.

Siku moja kaja kijana, luteni, kavaa kiraia ila kwenye benchi kakaa mgongo umenyooka utadhani yuko gwaride. Ana flashi. Kazi ni ya bosi wake aliyekuwa kozi, chuo sikitaji na nchi sitaji maana wageni nao tunao. Nafungua, kurasa za mwanzo fonti moja, katikati fonti nyingine, maneno mengine ya bluu yamepigiwa mstari ukibonyeza yanakupeleka mtandaoni, ukurasa huu Kiingereza cha Marekani unaofuata cha Uingereza, alafu kuna mahali wameandika "jeshi letu" na jeshi linalozungumziwa ni la Marekani! Nkamuuliza dogo, hii kaandika nani? Akacheka kidogo, akasema afande kaniambia nimalizie. Nikanyoosha fonti, nikabaindi kava gumu, nikalipwa. Na mimi nimo humo, sijitoi.

Sasa afande, vyuoni kwa raia wizi huu upo tena mwingi, lakini raia akiombwa amwandikie mwenzie anaweza kukataa au akadai hela ndefu, luteni anakataaje? Kwake ile ni amri. Na kesho akiwa na platuni yake porini, kahesabu risasi zimepungua, ataandika alichohesabu au ataandika kile bosi anachopenda kusoma? Hapo ndo roho inaniuma, cheti chenyewe wala sina shida nacho.

Wamarekani yamewakuta. John Walsh, kanali aliyekuwa vitani Iraq, aliandika karatasi ya kurasa 14 mwaka 2007 kwenye chuo chao cha vita cha Carlisle, Pennsylvania, akapata masters. Mapendekezo yake sita ya mwisho yote yalikuwa ya watu wengine, karibu neno kwa neno. Akapanda mpaka ukuu wa jeshi la akiba la Montana, akawa seneta, na hakuna aliyeshtuka mpaka Julai 2014 New York Times walipoichambua ile karatasi. Agosti akajitoa kwenye uchaguzi, Oktoba chuo kikamnyang'anya digrii. Yaani miaka saba karatasi imekaa na waliokuja kuisoma kwa makini ni waandishi wa habari, tena kwa sababu jamaa alikuwa anagombea. Asingegombea je?

Na chuo hicho hicho, 2015, maprofesa wao wawili, Leonard Wong na Stephen Gerras, wote wanajeshi wastaafu, waliongea na maofisa wakaandika waziwazi kwamba jeshi limejizoesha kusaini mambo ambayo hayajafanyika, kisa masharti na fomu ni nyingi kuliko muda uliopo. Waliandika hivo wakiwa ndani ya nyumba na nyumba haikuanguka.

Sisi hapa vyuo vya jeshi tunavyo, Monduli, Duluti, Kunduchi, kila mwaka watu wanahitimu tunaona picha, lakini waliyoandika hatuyaoni. Najua utasema siri za jeshi, sawa, zenye siri zifungieni. Ila siamini zote ni siri. Ofisa akijua karatasi yake itasomwa na mwalimu mmoja aliyechoka kisha iende kabatini, kwanini akeshe? Wekeni wazi zisizo na siri, maofisa wenzie wazisome, wambishie. Wale waliopigana Lukaya, Uganda, Machi 1979 kwenye vita vya Kagera, walioiteka Kampala Aprili 11, wamezeeka na wengi wameshatuacha, na kuna ofisa anakopi vita vya Ghuba vya wenzetu wakati hadithi ya Lukaya na Kampala inakufa na wazee wake, hii kweli jamani?

Alafu lugha. Gwaride Kiswahili, amri Kiswahili, ikifika risachi Kiingereza, mtu mwenye akili nzuri kabisa ya kivita anakwama kwenye sentensi anaishia kukopi. Kozi zenye wageni naelewa, zile zetu wenyewe wapeni nafasi waandike Kiswahili.

Mwisho afande, haya mambo ya fonti mbili yanaisha, siku hizi wana ChatGPT, kazi inakuja safi haina bluu wala nini, hata mi siwezi kuishtukia. Kwahiyo mkalisheni mtu mbele ya jopo bila makaratasi aulizwe saa nzima alichoandika. Na iwepo amri ya maandishi kwamba kumwandikisha wa chini yako kazi yako ya kozi ni kosa, ili yule luteni awe na kitu cha kushika akiambiwa amalizie.

Siku ile wakati anaondoka aliomba risiti. Nkamuuliza niandike jina gani, akafikiri kidogo, akasema andika la afande.

Ni mimi, mbaindi vitabu, Dar.