Shukrani kwa dada wa kliniki ya meno, Mtwara

Dada, jina lako sikulishika, ila mama anakutaja kila akiswali.

Alipong'olewa magego ya chini aliacha korosho, hata muhogo wa kuchemsha. Tukaja na fedha ya mauzo tukitaka vipandikizi vya meno. Ungeweza kuipokea tu. Wewe ulichukua karatasi ukamchorea: skrubu ya titani inazamishwa kwenye taya, mfupa unaishika kwa miezi kadhaa, ndipo jino linafungwa juu yake. Ukamwambia daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni, hulazimu kuchonga meno hayo ya jirani, na meno bandia ya kuvua na kuvaa ni nafuu ila hulegea mfupa unapopungua.

Kisha ukamuuliza kuhusu kisukari. Ukampima palepale, ukasema sukari ishuke kwanza, maana isipodhibitiwa kidonda hupona kwa shida na kipandikizi kinaweza kisishike. Ukatuandikia barua ya kliniki ya kisukari, ukatoka mwenyewe kumtafutia bajaji, na jioni ukapiga simu kuuliza kama amekula. Huo ndio uungwana.

Sukari sasa imetulia, tunasubiri picha ya taya. Wenye wazazi, ulizeni habari ya sukari kabla hamjalipa. Nanyi wahudumu, chukueni kalamu mumchoree mgonjwa.