Jahazi moja, milango miwili

London

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, baridi ndiyo ile ile, kazi zipo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, wa shangazi mara moja tu maana kuku walimzidi sauti. Hela ya hafla ya ukoo wetu nimetuma jana. Ni ya chakula, ukumbi na maiki. Ya kununua "nembo ya ukoo" mtandaoni sitoi, na usiende kumwambia Mama nimekuwa bahili.

Hiyo ni biashara ya kuuza vikombe vyenye nembo. Huku Uingereza ngao, yaani nembo inayochorwa ndani ya umbo la ngao, haitolewi kwa jina la ukoo. Hupewa mtu, na huirithi wazao wake. Wanaoitoa ni College of Arms, ofisi iliyoanzishwa na mfalme Richard III mwaka 1484. Ukifanana jina na mwenye ngao huna lako humo. Huyo muuzaji mwulize aliyepewa hiyo ya kwetu ni nani, mtoto wa nani.

Najua ni ile picha ya karamu ya chama cha nembo ndiyo iliyowatia hamu. Meza ile ya mbele nimeipanga mimi, na wenyewe huja kuniuliza nani akae wapi. Basi chukueni utaratibu, vikombe viacheni.

Mgeni wa kuhutubia mwandikieni miezi mitatu kabla: mada, dakika ngapi (20 zinatosha), nani atamtambulisha, nani atamshukuru. Mwambieni na saa ya kumaliza, maana Tanga ndiyo waja leo waondoka leo, asije akawa na basi la usiku mkiwa bado mnagawa soda. Huku mgeni mwenye ngao huombwa maelezo yake kwa maneno, si picha, ili ichorwe kwenye kadi ya chakula. Ngao yenyewe ni yale maneno: "ya buluu, na simba wa dhahabu aliyesimama". Mchoraji yeyote akiyafuata, ngao ni ile ile. Ukimpa picha ya simu, atanakili na makosa.

Meza ya mbele, mwenyeji katikati, mgeni kuliani kwake. Kila mtu sentimita 60, kwa hiyo watu 8 ni karibu mita 5. Pimeni ukumbi kabla ya kuahidi watu viti. Meza za duara za watu 10 ziwe na kipenyo cha mita 1.8. Kadi za chakula chapeni 66 kwa wageni 60, kwani zitabebwa. Ngao mkiichapa nyeusi na nyeupe, rangi zake huonyeshwa kwa nukta na mistari, mtindo uliosambazwa na padri Petra Sancta mwaka 1638: nukta ni dhahabu, mistari ya wima nyekundu, ya mlalo buluu, patupu ni fedha. Mgeni anayejua atatabasamu.

Hotuba ije baada ya chakula, kabla ya kahawa. Huku mwenyeji kwanza husimama, watu wananyanyua glasi kumwombea mfalme afya, ndipo mgeni anaongea. Nyinyi dua itangulie, na glasi ziwe za ukwaju. Spika zikae mbele ya msemaji. Zikiwa nyuma yake maiki itanasa sauti yake yenyewe na kupiga mluzi. Mchele kilo moja kwa watu saba, yaani kilo 9 kwa watu 60 na ziada kidogo. Shangazi atataka 15. Mwacheni aseme, nyinyi nunueni 9.

Sasa hilo la jahazi mnalotaka kulitundika ukumbini liwe nembo yetu. Baba mdogo wa Pangani anasema jahazi ni lao, mjomba naye kaapa haji ukumbini likitundikwa kama la Pangani. Mambo haya si mageni. Huku mwaka 1385 bwana mmoja, Scrope, alimshitaki mwenziwe Grosvenor kwa sababu wote wawili walibeba ngao ya buluu yenye mkanda wa dhahabu uliokatisha mshazari. Kesi ilikwenda miaka, hata mshairi Chaucer akaitwa kutoa ushahidi. Grosvenor akashindwa. Aliambiwa anaweza kuongeza ukingo wa fedha, mfalme akakataa: alama ndogo kama hiyo ni ya ndugu wa damu, si ya mtu baki. Akaishia kubeba mganda wa ngano.

Pangani si watu baki. Huku mtoto wa pili huongeza mwezi mwandamo mdogo juu ya ngao ya baba, wa tatu nyota. Marehemu Babu ndiye aliyekuwa na jahazi, na baba mdogo ni wa pili. Basi mlango wetu, yaani tawi letu la ukoo, ubebe jahazi tupu, wa Pangani jahazi na mwezi, zitundikwe mbili. Mwambie mjomba mimi ndiye niliyesema, akasirike na mimi.

Ila lile jekundu juu ya buluu mliloniletea lifuteni. Rangi nzito juu ya rangi nzito haisomeki kutoka mlangoni. Ngao zilitakiwa zitambulikane mbali. Tieni jahazi jeupe juu ya buluu. Na omo, yaani mbele ya jahazi, ielekee kushoto kwako unayetazama, ambako ndiko kulia kwa mshika ngao. Fundi wa kuchapa kitambaa asipoambiwa ataligeuza. Wale bibi na bwana wa pembeni waondoeni pia: ni wa Ngao ya Taifa, si mapambo, na hata huku wabebaji kama hao wa kushika ngao hawapewi kila mtu.

Juzi nimeota nimekaa barazani, upepo wa Raskazone, halua na kahawa chungu. Nimeamka nikachemsha chai ya pakiti.

Nitumie picha ya meza kabla watu hawajakaa, nione kama baba mdogo mmemweka kushoto kwa mwenyeji. Mkimtupa nyuma tena kama kwenye harusi ya da' mkubwa, ya mwakani mtajilipia. Msalimie Mama, mwambie dawa za magoti zinakuja na mtu wiki ijayo.

Kaka yako